Fundi, pedali ya kushoto imekataa kuingia

Simu za Jumamosi asubuhi hapa karakanani kwetu Kinondoni, Dar es Salaam, zinafanana sana. Mtu amepokea boksi la baiskeli ya umeme ya kukunja, amelifungua sebuleni, watoto wamemzunguka, kila mmoja anataka kupanda, na sasa kuna kitu kimegoma. Mara nyingi ni pedali ya kushoto. Anasema, "Fundi, naikaza haikazi, nimeweka bomba kwenye spana ili nipate nguvu." Hapo huwa tunamwomba aweke spana chini kwanza.

Pedali ya kulia hukazwa kama bolti yoyote. Ya kushoto hukazwa kinyume chake. Usijichoshe kukariri upande wa saa na kinyume cha saa: weka spana kwenye mhimili wa pedali, ielekee juu, kisha ivute kuelekea gurudumu la mbele. Inakaza, iwe kulia au kushoto. Ukiivuta kuelekea nyuma, inafungua. Waliobuni baiskeli walikuwa na sababu. Mguu unapozungusha, mhimili hubanwa na kusukumwa kidogo kidogo ndani ya tundu lake, na kwa upande wa kushoto msukumo huo ungefungua thredi za kawaida mpaka pedali ikudondokee njiani. Kwenye mwisho wa mhimili kuna herufi, R ni ya kulia na L ya kushoto. Kulia na kushoto hapa ni kwa aliyekaa kwenye siti, si kwa aliyesimama mbele anaitazama baiskeli.

Paka grisi kidogo, anza kwa vidole, na vidole vifanye mizunguko mitatu au minne bila shida. Ikiwa ngumu tangu mzunguko wa kwanza, imeingia upande. Itoe uanze upya. Mkono wa pedali ni alumini na mhimili ni chuma, na wakishindana, alumini ndiyo inayoliwa. Thredi zikishalika tunalazimika kubadili mkono mzima, na kwa aina zisizo na vipuri mjini mteja anaweza kusubiri wiki kadhaa baiskeli ikiwa imekaa tu. Inatuuma kila tunapomwambia mtu hivyo, kwa sababu kosa lenyewe ni la dakika mbili.

Lakini pedali hugharimu fedha na muda. Bawaba ndiyo inayovunja watu mabega, na tungependa msomaji wetu atumie muda wake mwingi hapo.

Baiskeli ya kukunja ina bawaba mbili kubwa: moja katikati ya fremu, nyingine chini ya bomba la usukani. Kila moja ina komeo lenye mkono unaoibana, na juu yake kitufe au kichuma kidogo cha usalama kinachozuia mkono usifunguke wenyewe. Watu wengi husikia mlio wa "ta!" wakadhani imefunga. Mlio huo unakwambia kitufe kimeingia tu. Haukwambii kama bawaba imebana. Komeo lililolegea linaweza kulia vizuri kabisa.

Fanya hivi. Kabla ya kufunga, pangusa nyuso mbili za bawaba kwa kitambaa. Punje ya mchanga iliyobanwa hapo huacha mwanya usioonekana, na kila shimo la barabarani huupanua. Funga mkono wa komeo taratibu ukiusikiliza kiganjani. Unatakiwa uanze kugoma ukifika karibu nusu ya safari, na mwisho uingie kwa kusukumwa na kiganja kizima. Ukifungwa kwa kidole kimoja, umelegea: fungua, kaza nati ya komeo robo mzunguko, jaribu tena. Ukihitaji kuning'inia ili ufunge, umekaza kupita kiasi, nao mhimili wa bawaba utachoka mapema. Ukishafunga, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikigusa ufa wa bawaba. Ukihisi mchezo wowote, hata mdogo kama unywele, usipande.

Tunalisisitiza kwa sababu tulishakosea wenyewe. Mwaka wetu wa kwanza wa kuuza baiskeli hizi tulimkabidhi mama mmoja, muuguzi anayevuka na pantoni kila siku kutoka Kigamboni, baiskeli ambayo komeo la usukani halikurekebishwa. Lilifunga, lililia, tukaamini. Siku ya tatu usukani ulianza kucheza akiwa anashuka kwenye tuta. Alisimama salama, akaikokota mpaka hapa, akatuambia kwa upole, "Wanangu, hiki kitu kinanitisha." Tangu siku hiyo hakuna baiskeli inayotoka karakanani siku ileile iliyounganishwa. Inalala, asubuhi fundi mwingine, asiyeiunganisha, anazikagua bawaba zote mbili na kuiendesha mtaani kabla ya mteja kuitwa.

Mabomba ya siti na ya usukani yanayopanda na kushuka yana mstari au alama za vikomo. Mstari huo usionekane kamwe ukiwa umekaa. Mtu mrefu hushawishika kuvuta siti iwe juu zaidi, kumbe bomba limebaki kidogo tu ndani ya fremu. Kama siti haikufikii, baiskeli hiyo si saizi yako, na ni heri uibadilishe mapema.

Kosa jingine tunaliona zaidi kwa wanaounganisha wenyewe: uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, umegeuka nyuma mbele. Baiskeli inaonekana kawaida, ila ukipanda inakuwa kama inataka kukutupa. Yenye breki za diski itazame hivi: ukiwa umekaa, diski na kibanio chake viwe mkono wako wa kushoto, na kibanio kikae nyuma ya uma. Kikiwa kulia na mbele, zungusha uma nusu duara, ukiangalia nyaya zisijisokote.

Breki nazo zijue kwa mikono yako kabla ya kuingia barabarani. Uingereza mkono wa kulia kwa kawaida ndio wa gurudumu la mbele, Marekani ni wa kushoto, na baiskeli zinazofika hapa zimetoka kila upande. Ukizoea moja ukapanda nyingine, siku ya kushtuka utabana ya mbele kwa nguvu, na kwenye magurudumu madogo unaweza kupitiliza juu ya usukani. Baiskeli nyingi za umeme zina swichi ndani ya mkono wa breki inayokata umeme wa mota. Ipime: inua gurudumu lenye mota, liache lizunguke kwa umeme, gusa breki. Mota izime papo hapo. Fanya hivyo kwa breki ya kushoto na ya kulia, kila moja peke yake. Diski mpya futa kwa spiriti na usiishike kwa mikono yenye grisi. Kisha, mahali pasipo na magari, kimbia kidogo na upunguze mwendo kwa breki, kama mara ishirini. Breki mpya haishiki vizuri mpaka ifanyiwe hivyo.

Sasa umeme. Betri nyingi tunazoziona kwenye baiskeli za aina hii ni za volti 36, na chaja yake hutoa volti 42. Zipo pia za volti 48, ambazo chaja yake hutoa 54.6. Tatizo ni kwamba plagi ndogo ya mwisho inaweza kuwa ileile ya duara, ikaingia bila kugoma. Kijana mmoja alipoteza chaja yake, akanunua nyingine kwa sababu "imeingia vizuri". Ilikuwa ya 54.6. Betri yake ilikuwa na saketi ya ulinzi iliyokata umeme, tunashukuru, lakini hatuwezi kumshauri mtu aitegemee bahati hiyo mara mbili. Soma kibandiko cha chaja, mahali palipoandikwa umeme unaotoka, na ulinganishe na kile kilichokuja na baiskeli. Chaja ya betri ya pikipiki usiiguse kabisa.

Betri ya volti 36 na amperi-saa 10 ina wati-saa 360. Kwa chaja ya amperi 2 utahitaji saa tano, au sita ukihesabu mwisho unapokwenda polepole, na kwenye mita ya LUKU itakula chini ya nusu uniti ya umeme. Wengi hufurahi wakisikia hilo, kisha huuliza kama wanaweza kuiacha usiku kucha. Jibu letu ni hapana. Betri ya lithiamu ikiharibika ndani, seli moja hupata joto, joto linaamsha ya pili, na moto wake ni wa ghafla kiasi kwamba aliyelala hapati muda. Jiji la New York mwaka 2023 lilipoteza watu 18 kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta za umeme, na Septemba mwaka huohuo likaanza kudai baiskeli za umeme zinazouzwa humo ziwe zimepimwa kwa kiwango cha usalama kiitwacho UL 2849. Unaponunua, kwetu au kwingine, omba uonyeshwe cheti cha kiwango hicho, au cha EN 15194 cha Ulaya.

Chaji ukiwa macho, mahali ambapo hapazibi mlango. Nyumba nyingi za kupanga baiskeli hukaa kwenye korido, na korido ndiyo njia pekee ya kutokea. Kama betri yako inachomoka, ichomoe ukachaji kwenye sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro. Ukirudi safari ya jua kali iache ipoe nusu saa kwanza. Chaja nyingi zinazotoka China zina plagi ya miguu bapa miwili, na soketi zetu ni za miguu mitatu, hivyo nunua adapta nzito inayokaa imara. Ikiwa inacheza au inapata moto, itupe. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani, kwa sababu ukirudi unaweza kurudi kwa kishindo.

Betri iliyovimba, inayotoa harufu tamutamu ya ajabu, inayofuka au kutoa sauti ya kuzomea, usiibebe. Toa watu nje, funga mlango, piga 114 Zimamoto. Hata ikionekana imezima inaweza kuwaka tena.

Na kwa wale wanaotuandikia wakiuliza kama ndugu anaweza kuja nayo kwenye ndege kutoka Dubai: betri inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, iwe begi la mkononi au la mzigo. Ile ya 360 inapita kikomo hicho kwa mbali. Isafirishwe kama shehena, si kwenye mabegi ya abiria, na watu wanaojua taratibu za betri.

Barabarani, kumbuka kwamba gurudumu la inchi 14 au 16 hutumbukia kwenye shimo ambalo baiskeli ya kawaida ingelipita juu. Punguza mwendo kabla ya tuta, usikae kizembe, na kwenye mchanga wa vichochoro zima msaada wa umeme, maana gurudumu la mbele hukimbia lenyewe. Baiskeli nyingi hizi husubiri pedali izunguke kidogo, halafu mota inasukuma. Asiyezoea huweka mguu kwenye pedali akisubiri taa, akaibonyeza kidogo, na baiskeli ikaruka mbele yake. Wiki ya kwanza tumia kiwango cha kwanza cha msaada, na ukisimama, kidole kikae kwenye breki.

Mshikaki hapana. Kibebeo cha nyuma ni cha kapu na begi. Mtu akikaa pale, uzito wake wote unanyonga bawaba ya katikati.

Mvua ya kawaida haina tatizo kwa nyingi, lakini maji yaliyosimama ni jambo jingine. Barabara ya Jangwani ikijaa maji, usijaribu kupita: mota ya kwenye gurudumu ikizama, maji huingia kupitia njia ya waya na kutu huanza kwa ndani ambako huioni. Wenzetu wa Kigamboni na ufukweni pia wapanguse viunganishi vya betri kwa kitambaa kikavu kila wiki, kwa ajili ya chumvi ya hewa.

Unapokunja, zima umeme kwanza, tazama nyaya zisibanwe kwenye bawaba, na uinue kwa magoti. Nyingi zina kilo kati ya 17 na 25.

Ukipenda tukuunganishie, lete boksi bila kulifungua, pamoja na chaja na karatasi zote, hata bolti usizojua kazi yake. Tutakaa nayo mpaka kesho yake. Ukija kuichukua tutakuomba uifungue na kuifunga bawaba mara tatu mbele yetu, kwa mkono wako mwenyewe. Spoki mpya hulegea, na nati za mhimili wa mota pia, kwa hiyo ukifikisha kilomita 100 irudishe. Ukaguzi huo hatuutozi, hata kama baiskeli hukuinunua kwetu.