Barua kwa mwanangu: hujavaa kibao hata mara moja

Mpunguzi, Jumanne usiku

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo wote, bibi yako anakusalimu. Barua hii nimempa mama yake yule mwenzako wa kitanda cha juu, anakuja Alhamisi kumalizia ada. Simu mmekatazwa, na mimi nikikuona ana kwa ana nasahau nilichokuja kusema. Jumamosi nilikuuliza maswali sita ukanijibu "salama baba" mara sita. Nilizihesabu kwenye gari wakati wa kurudi.

Nianze na lililoninyima usingizi. Kwenye kikao cha wazazi, mkuu wa shule alipomaliza hotuba (ndefu, akatukumbusha kwamba hata Nyerere jina la Mwalimu alilipatia kwenye shule za misheni, Tabora na Pugu), alisimama mwalimu wa nidhamu na daftari lake la kibao. Akatueleza kwamba anayekutwa anaongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili anavishwa kile kibao shingoni, anakaa nacho mpaka amkute mwingine, na atakayelala nacho ndiye anayeosha vyoo asubuhi. Akasoma majina. Kuna mtoto wa pale Kongwa amekivaa mara 31. Mama yake aliinama mpaka nikamwonea huruma. Kisha akasema wapo wawili ambao tangu kidato cha kwanza hawajakivaa hata mara moja, na wa kwanza ulikuwa wewe.

Mama, binti yangu, nilijaa fahari. Niligeuka kulia na kushoto ili watu wajue huyo ni wa kwangu. Yule mzazi wa mara 31 nikamtazama kidogo kwa juu, Mungu anisamehe.

Halafu wakatugawia karatasi za matokeo. Kiswahili 81. Baiolojia 28. Jiografia 34. Nikapanga foleni kwa mwalimu wa Baiolojia, mama mmoja mpole sana, nikamuuliza mwanangu ana tatizo gani. Akasema: "Mzee, huyu hana shida na mtu. Ila sauti yake siijui." Miaka miwili anakufundisha, sauti yako haijui! Nilipofika njia panda ya Bihawana ndipo nilipoelewa lile daftari. Hujavaa kibao kwa sababu huongei. Si Kiswahili, si Kiingereza.

Yule mtoto wa Kongwa, nilirudi kuulizia, ana 67 ya Baiolojia.

Sasa nisikilize vizuri. Ongea. Ukikosea ongea, ukichekwa ongea. Ukivishwa hicho kibao mara kumi kuanzia leo hadi Novemba mimi sitakasirika, nitakuja kikao kijacho nikiwa nimevaa koti. Vyoo tunaosha hata nyumbani.

Mwalimu alinionyesha karatasi yako. Swali la 7 uliliacha wazi, hukuandika hata neno. Nikamwomba anisomee kwa Kiswahili. Akasema wanauliza osmosisi, yaani maji kupenya ngozi nyembamba kutoka upande wenye maji mengi kwenda upande ambao vitu kama chumvi au sukari vimezidi. Nikamwambia hiyo anaijua! Zabibu kavu anazolowekewa bibi yake usiku kwa ajili ya meno yake, asubuhi zimevimba, nani anaziloweka kama si yeye? Na kachumbari ukiitia chumvi mapema inaogelea kwenye maji, nani aliyetugundulia hilo? Mwalimu akacheka, akasema angeandika hayo hayo kwa Kiingereza cha kuokotaokota angepata alama. Alama mbili tu, mama. F ya kufeli inaishia 29, D ya kufaulu inaanzia 30. Ulikuwa umebakiza zabibu kavu.

Najua si rahisi. Miaka saba umefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, halafu unaingia kidato cha kwanza na maji yanayochemka yamebadilishwa jina, na zile wiki sita za kuwaandaa zimepita kama upepo. Wakubwa wanabishana kuhusu lugha ya kufundishia tangu mimi sijaoa. Wabishane. Mtihani wako wa taifa uko Novemba na utakuja kwa Kiingereza.

Niseme na hili. Shule ya kata iko dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa, na tangu 2016 ada imefutwa huko mpaka kidato cha nne. Mimi nikachagua kwa masista. Mama yako alitaka tujenge tenki la maji, nikamwambia tenki litangoja. Sikulaumu, nakueleza tu. Lakini ukikaa darasani kama mgeni aliyekuja msibani, basi bora tungejenga tenki.

Sista mlezi alinieleza kuhusu ukimya wa bwenini baada ya sala ya usiku. Huo usiuvunje hata kidogo, ni utaratibu wao na ni mzuri, natamani tungekuwa nao hapa nyumbani kwa mdogo wako. Lakini kengele ya asubuhi ikilia ukimya umekwisha, sista mwenyewe kasema. Usiubebe ukaenda nao darasani.

Na usiniambie wewe ni mtu wa aibu. Jumapili ile ya misa ya wazazi nilikuwa nimesimama nje na wenzangu, kanisa limejaa, nikasikia ngoma ya muheme wakati wa matoleo. Nikasema huyo anayepiga ni mtu mzima. Kuchungulia dirishani, ni wewe umebana ngoma kwa magoti, jasho linatiririka, na masista wanacheza. Mwenye mikono ile hana aibu. (Bibi yako ameuliza kama umeanza kufanya ishara ya msalaba. Nikamwambia sijaona. Ukija likizo, mezani uombe kama tunavyoomba sisi Waanglikana, umpe mama wa watu amani yake. Huko shuleni fuata wanavyofanya.)

Kunyamaza huko najua ulikojifunzia. Siku ya mzani unaikumbuka kuliko mimi. Lile kreti la zabibu lilikuwa na kilo 22, si 19, na wewe ndiye uliyesoma sawasawa. Nilikunyamazisha vile mbele ya mnunuzi kwa kuogopa asije akaacha kuja. Mwaka uliofuata hakuja vilevile.

Halafu kuna habari ya mimi kuishia kidato cha pili. Nimekuambieni siku zote kwamba ilikuwa ada. Ada babu yako aliilipa, aliuza fahali wawili. Mimi nilikuwa nakaa dawati la nyuma dirishani, miaka miwili sikunyosha mkono. Mama yako hilo halijui, na barua hii usiiache juu ya kitanda.

Kwa hiyo ongea. Kesho yake ukishaisoma barua hii, katika kipindi cha kwanza, nyosha mkono uulize kitu chochote. Hata kama unakijua. Useme tu "sijaelewa" kwa Kiingereza, hiyo sentensi mwalimu wa Baiolojia amesema anaipenda kuliko zote na haisikii. Kisha jioni kwenye prepu mtafute huyo wa Kongwa. Mfundishe Kiswahili, maana mama yake alilalamika kwamba ana 40, na yeye akufundishe anavyothubutu. Nimeshaongea na mama yake, tumekubaliana. Nilimwomba na radhi, ingawa hakujua namwombea radhi ya nini.

Na ukiumwa je, unasema? Hilo nalo limenijia usiku huu. Tumbo likikuuma nenda kwa matroni mwambie tumbo linauma. Kwa lugha yoyote.

Ya hapa nyumbani si mengi. Zabibu tumeanza kuvuna juma lililopita. Shamba la juu limezaa vizuri, la bondeni lilipigwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Dawa ya salfa niliipuliza nimechelewa kwa sababu fedha ilikuwa imekwenda kwenye awamu ya kwanza ya ada yako, na punje zikawa na unga mweupe kama zimepakwa majivu. Hizo tutazikausha za bibi. Wanunuzi wamepita mara moja, wakataja bei, nikawaambia warudi wakiwa wameamka. Safari hii mzani ni wetu, nimeununua mitumba pale Majengo, na anayesoma ni mdogo wako, kwa sauti. Anapiga kelele mpaka majirani wanajua tuna kilo ngapi.

Mbuzi wa bibi amezaa mapacha. Mmoja ni wako, yule mwenye doa shingoni, usiruhusu kaka yako akuambie ni wake. Kaka yako alikwenda Dar es Salaam kwa treni ya umeme na tangu arudi hana hadithi nyingine. Upepo wa Septemba umeezua bati mbili za banda, nimeziwekea mawe. Mama yako anauliza shuka la pili liko wapi, maana Jumamosi aliliona moja tu kambani. Kama limeibwa sema limeibwa, kama umemwazima mtu sema umemwazima.

Awamu ya pili ya ada nitaileta mwenyewe kabla ya tarehe 30. Wakikuita ofisini kuhusu ada, waambie baba anavuna. Usikae kimya wakadhani tumekimbia.

Nimekufungia sabuni tatu, karanga za kukaanga kilo moja (mkabidhi kwanza matroni, wasije wakasema mmeingiza chakula kwa siri), na daftari la mistari mipana. Humo uandike kila swali utakalouliza darasani na tarehe yake. Nikija na ada nitalitaka. Kalamu nyekundu inavuja, ibebe ikiwa imesimama.

Baba yako