Bomba la ekzosi lililobonyea lisikimbiliwe na grenda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenzangu wenye magari madogo, hasa tunaotoka Usagara kuja mjini nyuma ya malori ya kokoto yasiyofunikwa turubai, kwamba bomba la ekzosi lililobonyezwa na jiwe si lazima likatwe. Baadhi ya gereji zetu hapa Mwanza zikishaona alama ya jiwe kwenye mabomba yanayotoka kwenye injini, hukimbilia grenda, ile mashine ya kukatia chuma, na mteja hulipia kazi ambayo pengine haikuhitajika.

Mabomba hayo ni membamba, mengi yakiwa na unene wa milimita 1.2 hadi 1.6 tu, ndiyo maana hubonyea kirahisi. Hata hivyo, kubonyea kidogo upande mmoja hakuzibi njia ya moshi kiasi cha dereva kuhisi nguvu imepungua. Cha kuogopwa ni ufa, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Ufa ulio kabla ya sensa ya oksijeni, yaani kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi, huvuta hewa ya nje, sensa ikadhani mafuta ni machache, na kompyuta ya gari ikaongeza petroli bure. Mbaya zaidi, kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, huweza kupenya hadi walipo abiria. Kuutafuta ufa si kazi ya kutisha: injini ikiwa baridi na imezimwa, fundi apulizie hewa kwenye mdomo wa ekzosi nyuma, apake bomba maji ya sabuni, kisha atazame palipo na mapovu au masizi.

Pasipo na ufa, bomba lililobonyea kidogo liachwe. Lililobonyea sana lifunguliwe, nati ichomelewe pale palipobonyea, chuma kipashwe moto na kuvutwa taratibu, na gasketi mpya iwekwe wakati wa kulirudisha.

Ikibidi kukata, kiraka kiwe cha chuma cha aina ileile. Bomba la stenlesi huchomelewa kwa gesi ya agoni, na gesi hiyo hupitishwa hata ndani ya bomba ili upande wa ndani usiungue. Kuchomelea kipande cha bomba la maji lenye zinki, jambo ninalolipinga kabisa, humdhuru kwanza fundi mwenyewe, kwa kuwa moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka, na maziwa ambayo mafundi wengi huyategemea hayamkingi.

Nawaomba wenye gereji wamwoneshe mteja mapovu hayo kabla ya kukata chochote, na kama uchomeleaji wa umeme utafanyika bomba likiwa bado kwenye gari, nyaya za betri zifunguliwe kwanza ili kompyuta isiungue.

Msomaji wako,
Buhongwa, Mwanza