Mabehewa manane ya Maganga

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Kwako mtani wangu Maganga,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani, ambao nyie Wanyamwezi mmeuona ukubwani. Huku sote wazima, ila baridi imeanza mapema na gari langu asubuhi haliwaki mpaka nilibembeleze. Msalimie sana shemeji na watoto. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni ile orodha yako ya mabehewa ya treni ndogo ya mezani, hobi yetu, unayoianza huko kwenu Kanada.

Nimeisoma mara tatu. Mabehewa manane, viwanda vinane, na swali moja chini: nishike kiwanda gani kimoja ili nisichanganye? Nikacheka peke yangu jikoni. Maganga, wewe uliyekulia Tabora, tuliokuwa tukikaa ukutani kuhesabu mabehewa ya mizigo yaliyotoka Kigoma na Mwanza, na wewe ukigombana ili hata behewa la gadi lihesabiwe, lini uliona treni ya mizigo ambayo mabehewa yake yote yalifanana? Huku kwetu ugenini ndiyo kabisa. Behewa halisi la kampuni moja ya reli likishapakiwa linavuka kwenye reli ya kampuni nyingine, linashushwa, linapakiwa tena hukohuko, na laweza kukaa muda mrefu bila kuiona njia ya kwao. Kwa hiyo changanya viwanda upendavyo. Ulichokosea wewe ni miaka.

Itoe injini yako kwenye boksi uitazame. Ni GP9, injini ya dizeli, ya CN, yaani reli ya Canadian National ya huko kwenu, na ubavuni ina zile herufi mbili zilizoandikwa kwa mstari mmoja usiokatika, kama mtu aliyekamua dawa ya meno. Nembo hiyo aliichora Allan Fleming, na CN wakaanza kuitumia 1960. Basi treni yako haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mimi ningeifunga kwenye 1962. Mwaka huo mabehewa mengi ya CN yalikuwa bado na alama ya zamani, lile jani ambalo 1965 liliingia kwenye bendera yenu, na machache mapya ndiyo yalikuwa na dawa ya meno. Treni yenye alama zote mbili ina utamu wake.

Sasa rudi kwenye orodha. Lile la njano la Railbox, kampuni ya Marekani ya mabehewa ya kufungwa: Railbox ilianza 1974. Lile la nafaka lenye tumbo la mviringo, la Serikali ya Kanada: hayo yalianza kununuliwa 1972. Najua utakachosema, kwamba GP9 zilifanya kazi miaka mingi na zingeweza kuyavuta hayo pia. Ni kweli. Lakini ukiyataka hayo mawili, yale sita mengine yanakuwa wazee waliosahau kustaafu. Nimepiga kura kwa niaba yako. Wengi wape.

Usiamini boksi wala muuzaji. Chukua kioo cha kukuzia, angalia maandishi madogo ubavuni mwa behewa, utakuta BLT, kifupi cha "built", yaani limeundwa, na mwezi na mwaka. Hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya behewa, na viwanda vizuri huiandika kwa usahihi. Ukikuta BLT 10-64, lirudishe, halijazaliwa bado. Halafu inua macho utazame paa. Mabehewa ya kufungwa ya zamani yana njia nyembamba ya kutembelea katikati ya paa, ambapo wafanyakazi walipita juu kwa juu kuzifikia breki za mkono. Kuanzia 1966 mabehewa mapya yakaanza kutengenezwa bila njia hiyo. Kwa 1962 yako, behewa la kufungwa ambalo paa lake ni tupu liache dukani.

Kuhusu viwanda vyenyewe, sina ushabiki, lakini kila kimoja nakipa kazi yake. Behewa la kufungwa la futi 40 aina ya PS-1, ambalo waunda mabehewa halisi Pullman-Standard walianza kulitoa 1947 na likajaa bara zima, chukua la Kadee. Milango inafunguka, ngazi ni nyembamba, na linatiririka relini lenyewe. Tangi chukua la Tangent, uandae na pesa, maana kila kibomba na kila kishikio chake kimewekwa peke yake. Kwa bei ya hilo moja utapata mawili ya Accurail, ambayo unayaunganisha mwenyewe mezani kwa jioni moja huku unasikiliza taarifa ya habari. Ya Accurail ngazi zake zimemwagwa pamoja na ubavu, hazikuachana nao. Watu wa mambo makubwa huyadharau kwa hilo. Mimi ninayo tisa. Yakiwa katikati ya treni, yamepakwa vumbi la chaki na kupuliziwa rangi isiyong'aa, hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza ngazi. Ila usiliweke la Accurail kiwiliwili kwa kiwiliwili na tangi la Tangent. Jicho litalinganisha tu, hata ukilikataza.

Halafu kwenye maonyesho ya treni, usiishie kwenye meza. Inama. Chini ya meza ndiko kuna makasha ya zamani ya kiwanda cha Athearn, yale ya bluu, mtu amerithi kwa babake hajui ayafanyie nini. Mengine yana thamani ya chakula cha mchana tu. Sehemu nyingine za hobi hii zinakula mshahara, hiyo inakusamehe.

Usihangaike kwamba rangi za viwanda hazilingani. Ile rangi ya udongo mwekundu ya mabehewa, kila kiwanda kina yake, moja inaelekea kahawia, nyingine kutu. Simama hata dakika kumi Fostoria, saa moja na nusu hivi kaskazini ya hapa kwangu, ambako reli kubwa zinakatana na watu wamewekewa bustani ya kutazamia treni, utaona hata mabehewa ya kampuni moja hayalingani. Jua na mvua vimekwishayatenganisha.

Kinachotakiwa kulingana ni cha chini, na hapa nisikilize, maana nimelipia somo hili.

Idd iliyopita wageni walijaa sebuleni, watoto wamekaa chini kuizunguka meza ya reli. Nilikuwa na behewa jipya la kampuni ambayo sitaitaja, zuri ajabu, limeandikwa vizuri mpaka namba za breki. Kwa majivuno nikaliweka mbele, nyuma ya injini. Nyuma yake mabehewa kumi na manne. Sikulipima. Treni ikaingia kona ya nyuma, ile yenye nusu kipenyo cha inchi 18. Injini inavuta mbele, mzigo unavuta nyuma, na behewa jepesi katikati halina la kushikilia. Likainuka taratibu, likalala kwa ndani, likaenda na mengine matatu mpaka sakafuni. Watoto walipiga makofi wakidhani ndiyo mchezo wenyewe. Usiku nikaliweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 60.

Kanuni ya chama cha wenye reli ndogo Marekani, NMRA, kwa skeli yetu ya HO, yaani moja kwa 87, ni rahisi. Aunsi moja ya kuanzia, halafu nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Behewa la inchi sita linatakiwa aunsi nne, yaani gramu 113 hivi. La inchi saba, aunsi nne na nusu, kama gramu 128. Langu lilikuwa na upungufu wa karibu nusu. Likipungua, fungua, gundisha washa za chuma, vile viduara vyenye tundu, ndani juu ya ekseli, pande zote mbili sawasawa. Mizani ya shemeji ya keki inatosha, ila iombe kabla hujaichukua.

Cha pili ni viungio, vile vinavyoshikanisha behewa na behewa. Kila kiwanda kinaleta chake, kimoja cha chuma, kingine cha plastiki ambacho kikikaa kinalegea na kuinama. Vyote vina umbo la mkono uliokunja vidole, vinashikana dukani, vinaachana kwenye kilima. Mimi natoa vyote bila kesi na kuweka Kadee namba 148. Nunua na kile kipimo chao cha urefu, ni kidude kidogo unakiweka relini na kulisogeza behewa likutane nacho. Kiungio kikiwa chini, tia washa nyembamba kati ya behewa na bogi, ile fremu yenye magurudumu, mpaka vilingane. Kazi hii inachosha. Ifanye kwa kila behewa siku linapoingia nyumbani, kabla halijaonja reli, la sivyo utakuwa unatafuta mkosaji kati ya ishirini.

Cha tatu magurudumu. Ya plastiki yatoe, yanabandika uchafu relini na kila Jumamosi utakuwa unafuta reli badala ya kuendesha treni. Weka ya chuma. Kwa mabehewa ya miaka yako unataka yanayowakilisha gurudumu la inchi 33. Ukiuziwa ya 36 hayo ni ya mabehewa mazito ya tani 100, na yatakuinulia behewa uanze tena habari ya viungio.

Kuna jambo moja limenisikitisha kwenye orodha, nalo si la ufundi. Umechagua reli za Marekani, Santa Fe, Great Northern, sijui Florida East Coast, yote kwa rangi. Injini ni ya CN, na behewa la CN halimo hata moja! Ni kama harusi isiyo na ndugu wa bwana harusi. Kati ya mabehewa kumi ya kufungwa ningeweka matano ya CN, mawili ya CP, yaani Canadian Pacific, na yaliyobaki ya Wamarekani, nikianza na Pennsylvania na New York Central. Pennsylvania ndiyo iliyokuwa na mabehewa mengi kuliko wote, kwa hiyo yalienea kila mahali. Hayo yote ni ya rangi ya udongo, najua. Ukishayapanga ndipo lile moja la Great Northern litakapong'aa, maana litakuwa peke yake.

Nimekutengea mawili ya Pennsylvania ya Accurail, nimekwisha yapima na kuyabadilisha viungio. Nitakuja nayo Hamilton mwezi wa nne, Inshallah, kama likizo itapita. Wewe andaa nafasi ya kuweka kona pana kuliko hiyo ya kwenye boksi la kuanzia, hata ikibidi meza ya chakula isogee. Na lile la njano niambie ukweli, umelirudisha dukani au umelificha juu ya kabati?

Wako mtani,
Ramadhani