Salehe, mama asinywe hayo maji ya fedha

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi. Huku wazima, na natumai nanyi hamjambo. Najua nimenyamaza muda mrefu na utanisema, ila uniseme baadaye, maana ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Yaani Bakari ameacha biashara ya simu, sasa ni tabibu? Na mama anakunywa kijiko asubuhi na jioni cha hayo maji anayoyauza kama dawa ya kuua vijidudu, yenye fedha ndani, ile metali ya pete?

Mwambie aache leo hii. Sababu nitakupa, ila univumilie, kwani ukimtajia fundi friji habari za fedha umejitakia mwenyewe.

Kinachoniudhi ni kwamba Bakari hakudanganya yote. Fedha inaua vijidudu kweli. Miaka ya 1880 daktari mmoja Mjerumani, Carl Credé, alianza kuwadondoshea watoto wachanga nitrati ya fedha machoni, na upofu unaotokana na kisonono cha mama ukapungua mno. Hata ile krimu nyeupe aliyopakwa Mwanaidi alipomwagikiwa maji ya moto ilikuwa na fedha ndani. Lakini alipakwa juu ya kidonda, Salehe, hakuilamba!

Ukiinywa kwa muda, sehemu yake haitoki mwilini. Inajikusanya kwenye ngozi, mwanga wa jua unaigeuza, na mtu anakuwa wa kijivu, au buluu kabisa. Madaktari wanaita argiria, na rangi hiyo haiondoki hata ukiacha kunywa. Ndiyo kanuni ileile ya picha za zamani: chumvi za fedha zikipigwa na mwanga hubadilika, na tangu enzi za Daguerre, yule Mfaransa wa picha za mwanzo, mwaka 1839 hadi filamu za eksirei watu wamezitumia hivyo. Sasa Bakari anataka kumfanya mama filamu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishatamka mwaka 1999 kwamba dawa za aina hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazijathibitika kuwa salama wala kuponya chochote. Na bado kuna la dawa ya tezi ya shingo, nitalirudia.

Mwambie Bakari kama anaipenda fedha hivyo, aje kazini kwangu. Vijiti tunavyounganishia mabomba ya shaba ya friji, vile vizuri, vina fedha. Fungua swichi kubwa uone vile vidoti vinavyogusana: fedha tena, au mchanganyiko wake. Hakuna metali inayopitisha umeme kuishinda, shaba inakuja ya pili. Mistari myembamba juu ya paneli ya sola ni fedha, na vibetri vingi vya saa ya mkononi vina oksidi yake. Hata shati lako la poliesta, lile unaloringia, kemikali iliyolizaa hutengenezwa viwandani kwa kichocheo cha fedha. Vioo sitavisema, nisije nikamaliza karatasi.

Ila hiki lazima nikwambie. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilihitaji sumaku kubwa kule Oak Ridge, Tennessee, za kutenganishia urani ya bomu la atomiki, na shaba ilikuwa haba. Wakaenda Hazina wakakopa fedha, zaidi ya tani 13,000, wakaizungusha kuwa koili! Na waliirudisha karibu yote, ya mwisho mwaka 1970. Wewe unamjua Bakari, angekopeshwa kijiko tu tungekuwa bado tunamtafuta.

Haya, la tezi. Fedha ya kunywa inaweza kuzuia dawa nyingine zisifyonzwe vizuri, zikiwemo baadhi ya antibiotiki na hata dawa ya tezi. Mama si bado anameza vile vidonge vyake? Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kukutumia maneno mawili. Rangi ya ngozi inachukua muda, lakini vidonge vikikosa kufanya kazi... Mpeleke kwa daktari wake, na hiyo chupa muibebe. Msifiche chochote kwa kumwonea Bakari haya.

Na ile pete ya marehemu mzee uliyosema imekuwa nyeusi, usiitupe. Kuwa nyeusi hakumaanishi ni bandia. Salfa ya hewani inaishika fedha na kuifanya hivyo. Angalia ndani kama kuna muhuri wa 925, yaani fedha asilimia 92.5. Kama haina kito, tandika karatasi ya alumini kwenye bakuli, weka pete juu yake iiguse, mwagia maji ya moto yenye soda ya kuokea. Alumini itaipokonya ile salfa. Usisugue kwa mchanga kama alivyotaka shemeji.

Sasa nijibu. Mama ameanza lini kunywa? Chupa imeandikwa nini, au haina karatasi kabisa? Kucha zake umeziangalia? Nani mwingine amenunua, au ni mama peke yake aliyeshindwa kumkatalia Bakari? Na Bakari mwenyewe anakunywa? Muulize hilo mbele za watu, halafu uniandikie alivyojibu.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie nitampigia simu Jumapili.

Wako,
Hamza