Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Madini: ramani ya miamba iandikwe umri

Ndugu Katibu Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Dodoma. Naomba Wizara itoe ramani ya ukutani, kwa Kiswahili, inayoonyesha kimbalaiti (miamba ya volkano inayoweza kubeba almasi) na karbonataiti (miamba ya volkano yenye kaboneti nyingi, kama za chokaa) za Tanzania na za bara zima la Afrika, na kando ya kila alama uandikwe umri wa mwamba wenyewe.

Ombi hili limetokana na swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tulikuwa tumeketi juu ya jabali nyuma ya madarasa, nikawaeleza kwamba graniti ile ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Akauliza kama mwamba wa almasi wa Mwadui nao una umri huo, kwa kuwa ramani tunayoitumia inauonyesha kwa nukta tu katikati ya ardhi ileile ya kale. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwadui ilipenya ardhi hiyo yapata miaka milioni 53 iliyopita, yaani juzi tu kwa hesabu ya miamba.

Ukiitazama Afrika nzima, utaona kwamba kimbalaiti zenye almasi hazikutawanyika ovyo. Nyingi zimo ndani ya ngao, yaani vipande vya kale na imara vya bara, ambako mizizi ya ardhi ni minene na yenye ubaridi kiasi cha almasi kuweza kudumu kilomita zaidi ya 150 chini, hadi magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipozichukua na kuzileta juu kwa kasi. Umri wake ndio unaoshangaza: Cullinan, Afrika Kusini, ina takriban miaka bilioni 1.15, Jwaneng ya Botswana ina kama milioni 235, Orapa, katika nchi hiyohiyo, ina milioni 93, na za Kimberley, mji ulioupa mwamba huu jina, hazifiki milioni 100. Magma ilipita katika ngao zilezile mara nyingi, kwa vipindi vilivyoachana sana, na nukta zisizo na umri zinaficha jambo hilo lote.

Kati ya zote, naomba alama ya Igwisi isipotee. Ni vilima vitatu vidogo vya volkano katika Mkoa wa Tabora, ambavyo mpita njia angevidhani vichuguu vikubwa, lakini ndani ya lava yake kumejaa punje za olivini za kijani, zilizoviringika kama kokoto za mtoni, zilizotoka chini kabisa ya ngao yetu. Wataalamu walipima heliumi iliyojikusanya ndani ya olivini kwa kupigwa na miale ya angani tangu lava ilipotulia juu ya ardhi, wakapata umri wa takriban miaka 12,000, zidi au pungufu elfu kadhaa. Hakuna kimbalaiti changa kuliko hiyo inayojulikana duniani. Wakati huo watu walikuwa tayari wanaishi Afrika Mashariki, na huenda wapo waliouona moto huo. Sioni kwa nini mtoto wa Tabora asilijue hili kabla ya mgeni.

Karbonataiti nazo zina habari yake. Volkano ya Oldoinyo Lengai bado iko hai, na lava yake nyeusi, yenye takriban nusu tu ya joto la lava nyingi za kawaida, hugeuka nyeupe baada ya siku chache tu. Kusini-magharibi, Panda iliyoko Mbeya ina umri wa zaidi kidogo ya miaka milioni 100, ilhali Ngualla ya Songwe ina takriban bilioni moja.

Kila umri uandikwe pamoja na njia iliyotumika kuupima, iwe ni urani inayogeuka kuwa madini ya risasi ndani ya zirkoni (punje ngumu za fuwele) au heliumi kama ya Igwisi, na kiasi cha shaka kiwekwe wazi, maana mwanafunzi akipewa tarakimu tupu huikariri bila kuihoji. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao yake hapahapa Dodoma, na wataalamu wake ndio wanaoweza kuthibitisha tarakimu hizo kabla hazijachapwa. Sisi walimu tuko tayari kupitia Kiswahili cha ramani hiyo bila malipo.

Kwa shule yetu nakala moja inatosha. Tutaibandika kwenye ukuta unaotazama lile jabali.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa jiografia, Dodoma