Zuhura, hizo zip za WhatsApp sasa basi

Shosti Zuhura,

Za Tanga? Bi mkubwa goti linaendeleaje, msalimie sana mwambie ile samaki wa kupaka bado naidai. Mimi huku Dar nipo tu, joto na foleni, mengine tutaongea ukija.

Sasa nije kwenye hii moduli yako ya Python. Kwanza hongera, maana kitu cha kugeuza namba za risiti kuwa maneno ya Kiswahili watu wamekihangaikia sana, unaweka 3500 inakupa elfu tatu na mia tano, safi kabisa. Ila huu mtindo wa kutuma zip kwenye grupu aisee achana nao. Humo grupuni kuna zip inaitwa mpya, nyingine mpya_kabisa, nyingine final2, na yule kaka wa duka la dawa kila siku analalamika milioni zinatoka vibaya kumbe hilo ulishalirekebisha kitambo, yeye bado anatumia ya zamani na wewe wala hujui nani ana ipi. Ukiifungasha vizuri ukaiweka PyPI, lile ghala la mtandaoni la pakeji za Python, mtu anaandika pip install na jina (pip ndiyo programu ya kuinstoli), kwisha, akitaka mpya anaongeza --upgrade, na akija kulalamika unamuuliza tu uko toleo namba ngapi.

Kufungasha kwenyewe siku hizi wala hakutishi. Zamani kulikuwa na setup.py, na ile ilikuwa programu kamili, yaani mashine inabidi iendeshe kodi, yaani maandishi ya programu, ya mtu ndio ijue pakeji inahitaji nini, vurugu tupu. Sasa hivi kuna faili moja la maelezo, pyproject.toml, unaandika jina, toleo, leseni, na Python ya kuanzia ngapi. Hiyo ya Python usiiruke, ukiandika requires-python = ">=3.9" basi mtu mwenye Python ya kizamani pip inamtafutia toleo linalomfaa au inamkatalia palepale, usipoandika itamwekea vizuri tu halafu ije imfie mikononi wakati wa kutumia, na lawama zote zako. Ukishamaliza unaandika python -m build, inatokea folda ya dist yenye mafaili mawili, moja .tar.gz ambalo ni chanzo, lingine .whl ambalo wanaliita wheel, na hilo ndilo pip italipendelea.

Halafu hapa ndipo nataka uwe makini bibie. Nimefungua kodi yako nimeona maneno yote umeyaweka kwenye maneno.json na unaisoma kwa open("maneno.json"). Kwako inafanya kazi kwa sababu unaendesha ukiwa ndani ya folda ya mradi na faili liko hapohapo, lakini mtu akishainstoli moduli inakaa site-packages huko na yeye yuko kwenye folda yake ya risiti, Python itatafuta maneno.json kwenye folda ya risiti, haipo, error. Tumia importlib.resources, hiyo inasoma faili kutoka ndani ya pakeji yenyewe popote ilipowekwa. Na hapo bado kuna mtego wa pili, maana setuptools, zana inayofungasha, inabeba mafaili ya .py lakini hiyo json yako usipoitaja inaachwa nje kimyakimya, hakuna onyo la maana, wheel inatoka nzuri tu haina maneno ndani. Kwenye pyproject.toml weka sehemu ya [tool.setuptools.package-data] uitaje. Na usiamini macho, wheel ni zip tu iliyobadilishwa jina la mwisho, piga unzip -l kwenye hilo faili la .whl uone maneno.json imo au haimo.

Kupima sasa. Usipime ukiwa ndani ya folda ya mradi, maana Python inaangalia kwanza folda uliyopo, kwa hiyo utadhani umeimport pakeji uliyoinstoli kumbe umeimport kodi yako ya mezani, ndio maana watu wengi siku hizi wanaficha kodi ndani ya folda ya src. Tengeneza venv mpya tupu, yaani chumba cha Python cha peke yake, hama kabisa nenda hata kwenye Downloads, instoli ile .whl, halafu jaribu kama mgeni ambaye hajawahi kukusikia. Ikikubali hapo ndio uanze kuongea habari za kupakia.

Kwenye requests==2.28.1, ile laibrari ya kuvuta vitu mtandaoni uliyoitaja kwenye mahitaji, pia nimekuna kichwa. Kwanza sioni unaitumia wapi zaidi ya ile sehemu ya kuleta viwango vya dola ambayo hakuna aliyekuomba, mimi ningeitoa nje. Pili hiyo alama ya == kwenye programu yako mwenyewe ya dukani sawa, lakini kwenye laibrari ambayo wenzako wataichanganya na laibrari nyingine ni kero, mmoja anataka 2.28.1 tu na mwingine anataka kuanzia 2.31, pip inagoma inakuandikia gazeti zima la malalamiko. Ukilazimika andika >= uiache hapo. Ila kusema ukweli moduli ya kugeuza namba haihitaji kumtegemea mtu. Si unakumbuka habari ya left-pad, Machi 2016, huko kwa watu wa JavaScript? Jamaa mmoja aligombana na kampuni ya Kik kuhusu jina la pakeji, npm, wenye ghala la pakeji za JavaScript, wakawapa kampuni jina, naye kwa hasira akaondoa pakeji zake zote, na kati ya hizo kulikuwa na kakitu ka mistari 11 tu kanakoongeza nafasi kushoto mwa maandishi. Kumbe Babel, zana kubwa ya JavaScript, na wengine kibao walikuwa wanakategemea kupitia pakeji za pakeji, miradi ikaanza kukataa kujengeka dunia nzima, ikabidi npm wakarudishe wenyewe na baadaye wakabana sheria za kufuta. Mistari 11 shosti! Wengi walioathirika hata hawakujua wanakitumia. Kila unachokiongeza kwenye dependencies, yaani pakeji unazozitegemea, unakuwa umemwongezea na huyo kaka wa duka la dawa.

Namba za matoleo, hapa tutabishana najua. Wewe unataka uanze na 1.0.0 ionekane imekomaa, mimi nasema anza 0.1.0, na sababu ni laki. Sasa hivi 150,000 moduli yako inaandika elfu mia moja na hamsini. Isome polepole. Mtu mwingine atasoma ni laki moja na shilingi hamsini, na kwenye risiti ya hela hiyo ni kesi. Kwa hiyo najua utakuja kubadilisha iwe laki moja na elfu hamsini, na ni sawa kabisa, ila fikiria mtu ambaye ameshajenga mfumo wake juu ya maneno ya zamani, ana risiti za mwaka mzima anazilinganisha, siku moja anafanya apdeti maneno yote yamebadilika. Kwa utaratibu wa semver, ule wa namba tatu za toleo, badiliko la namna hiyo ni la namba ya kwanza, unatoka 1 kwenda 2, hata kama wewe kwenye kodi umegusa mistari mitatu tu, kinachohesabika ni kinachomtokea mtumiaji. Ukiwa bado kwenye 0 unaruhusiwa kubadilisha chochote na watu wanajua hivyo. Amua kwanza habari ya laki, na labda uache chaguo kwa wale wanaotaka elfu tupu maana wapo watakaotaka, ndio utoe 1.0.0 kwa kifua mbele.

Na ujue PyPI haina kufuta na kurudia. Ukishapakia 0.1.0 faili la jina hilo limetumika, hata ukilifuta huwezi kupakia jingine kwa jina lilelile, inabidi uende 0.1.1. Ukitoa toleo bovu unalifanyia yank, linabaki pale kwa waliolitaja kwa namba kamili lakini wapya pip haiwapi, hiyo ni ya kistaarabu zaidi kuliko kufuta. Ndio maana kuna TestPyPI, jaribia huko kwanza ukosee utakavyo, ila akaunti yake ni tofauti na ya PyPI kwa hiyo utajisajili mara mbili.

Jina nalo. Namba-maneno, namba_maneno na Namba.Maneno kwa PyPI ni jina moja, kwa hiyo ukikuta mwenzio kachukua mojawapo zote zimeenda. Na jina la kuinstoli lifanane na la kuimport tafadhali, usitufanyie kama Pillow ambayo unaandika pip install pillow halafu import PIL, wanafunzi wanalia kila siku na hiyo.

Usalama sitakuchosha. Tangu mwanzo wa 2024 PyPI inamtaka kila anayepakia awe na uthibitisho wa hatua mbili, weka ile app ya kutoa namba za kuthibitisha kwenye simu na zile recovery codes ziandike kwenye daftari, simu Tanga zinaibiwa kama kwingine. Na akitokea mtu usiyemjua mwenye maneno matamu anataka akusaidie kutunza pakeji, mpokee, apeleke mabadiliko uyasome, ila haki ya kupakia usimpe. Mwaka 2018 pakeji ya event-stream huko npm, mwenyewe alichoka akamkabidhi mgeni aliyeonekana ana moyo, yule mgeni akaingiza kitu cha kuiba bitcoin kwenye pochi za watu. Pakeji yako inaandika risiti za hela, usijione mdogo.

Leseni weka MIT tu, ile fupi inayoruhusu karibu kila kitu. Bila leseni kisheria hakuna aliyeruhusiwa kuitumia hata kama umeiacha hadharani, na wale wa ofisi kubwa wataipita.

La mwisho, wale walimu wa Pangani uliosema intaneti yao ni ya kubahatisha. Kwa kuwa kodi yako ni Python tupu, wheel yako itaishia na py3-none-any, maana yake faili lilelile linakubali Windows, Linux, Mac, popote. Unaweka kwenye flashi, mwalimu anaandika pip install --no-index --find-links na njia ya flashi halafu jina, inaingia bila kugusa bando hata kidogo. Na hapo ndio utashukuru ulimtoa requests, maana angekuwepo ungelazimika kubeba na yeye na ndugu zake wote kwenye flashi. Kwenye README, lile faili la maelezo ya mradi, hayo maelekezo ya flashi yaweke juu kabisa, pamoja na mfano mmoja wa namba na maneno yake, historia ya mradi peleka chini huko.

Rekebisha hiyo json kwanza, ujenge, halafu unitumie faili la .whl lenyewe, zip sitaki kuiona tena. Nitaijaribu kwenye ile laptop ya mdogo wangu ambayo haina kitu chochote cha kwako wala cha kwangu. Na laki unijibu unaamuaje.

Wako,
Asha