Nikotini si takataka ya mtumbaku

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Makala yenu ya juzi kuhusu dawa zitokanazo na mimea niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika pale mwandishi aliposema kwamba nikotini ya tumbaku, kafeini ya kahawa na chai, na kwinini ile dawa ya malaria ni mabaki tu, mmea hauna kazi nayo. Nikavua miwani. Simlaumu sana, kwa kuwa maneno hayohayo niliyafundisha mimi, chaki mkononi, miaka nenda rudi. Kuna kijana aliwahi kuniandikia kwenye mtihani kwamba mtumbaku hutengeneza nikotini “ili usiliwe”. Nilimpiga mkasi, alama 2 zikaenda.

Nadhani jina ndilo lililotuponza. Mwaka 1891 Mjerumani Albrecht Kossel alizigawa kemikali za viumbe mafungu mawili: za msingi, ambazo kila seli hai inazihitaji, na za upili, ambazo hupatikana huku na kukosekana kule, nikotini ikiwa mojawapo. Sisi tuliposikia “upili” tukaelewa “ovyo”.

Hebu tuitazame hiyo nikotini. Mtumbaku huitengenezea mizizini, kisha huipandisha hadi majanini pamoja na maji. Kiwavi akianza kutafuna jani, taarifa hushuka mpaka mizizini, jeni za vimeng’enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli) vinavyounda nikotini huchapuka kazi, na baada ya muda majani huwa makali zaidi kuliko yalivyokuwa kabla ya kutafunwa. Sasa nani huagiza takataka aongezewe?

Lililonimaliza kabisa ni jaribio lililochapishwa mwaka 2004. Watafiti walichukua tumbaku ya mwituni, wakazima jeni ya kimeng’enya kinachofungua njia ya kutengeneza nikotini, halafu wakaipanda Utah, Marekani, ambako mmea huo huota wenyewe porini. Kando yake waliweka tumbaku ambayo jeni yake haikuguswa. Panzi na viwavi wakafanya usahihishaji bora kuliko mimi: mimea isiyo na nikotini ilipoteza eneo la majani mara 3 zaidi ya wenzake.

Kafeini nayo ina kisa chake. Jenomu ya mbuni, yaani orodha nzima ya urithi wa mmea wa kahawa, ilipochapishwa mwaka 2014 ilionekana kwamba vimeng’enya vinavyokamilisha kafeini kwenye buni havikurithiwa pamoja na vile vya kwenye chai. Kila ukoo ulichukua jeni nyingine uliyokuwa nayo tayari, ikanakiliwa, nakala zikabadilika kidogo kidogo, na mwisho wa safari wote wawili wakafikia kemikali ileile. Kitu kisicho na faida hakifikiwi hivyo mara mbili. Mbuni na mchai wala si ndugu wa karibu. (Mtu akiniuliza ningependa kurudia kufundisha somo gani, ni hili.)

Sisemi kila kemikali ya kila mmea imeshajulikana inafanya kazi gani. Hapana, ziko nyingi mno, na nyingine huenda ni njia tu ya kufikia nyingine. Lakini kwa hizo mbili mwandishi alichagua mifano mibaya. Naomba mwirekebishe sentensi ile kabla haijanakiliwa kwenye daftari la mtu. Yule kijana sasa ni mtu mzima, na alama zake 2 bado ninadaiwa.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia